Kutoka Joram Kiango hadi Watoto wa Mama N'tilie: Shirika la Heko na Msomaji wa Tukuyu

Wanafunzi wa sekondari wa Rungwe, kama wenzao nchi nzima, wamelishika mkononi jina la Heko Publishers kwa miaka mingi bila kulitilia maanani. Ndilo shirika lililochapisha Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo ya mwaka 2002 iliyoingia katika vitabu vya fasihi vya kidato cha tatu na cha nne. Mwalimu huuliza dhamira, wahusika na mandhari; mchapishaji hatoki kwenye mtihani. Ila nyuma ya jina hilo ipo historia ambayo mwanzo wake haukuwa shuleni kabisa. Heko ni shirika dogo la Dar es Salaam lililoanzishwa na mwandishi wa riwaya za upelelezi, Ben R. Mtobwa, na likakua kwa vitabu ambavyo mwanafunzi alivisoma kwa kujificha, chini ya dawati.

Mtobwa alizaliwa Kigoma mwaka 1958, akawa mwandishi wa habari na mtunzi wa riwaya. Aliyempa umaarufu ni mhusika wake, Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea, mtanashati, anayependa maisha mazuri na asiyependa kupangiwa kazi na mtu. Pembeni yake yupo Nuru, msichana ambaye mara nyingi ndiye anayemtoa katika mtego. Joram anatembea katika Salamu Toka Kuzimu, Najisikia Kuua Tena, Lazima Ufe Joram na Tutarudi na Roho Zetu?, na majina hayo peke yake yanatosha kuonyesha jinsi Mtobwa alivyojua kumkamata mpita njia. Mtu aliyesimama mbele ya meza ya muuza vitabu hana muda wa kusoma maelezo ya nyuma ya jalada. Anasoma jina, anatazama picha, anauliza bei. Mwaka 1990 ilitoka Dar es Salaam Usiku, riwaya ya jiji lenyewe kuliko ya Joram, na mwaka 1999 tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa Nairobi.

Riwaya ya upelelezi ilikuwapo katika Kiswahili kabla ya Mtobwa, lakini wachapishaji wake walikuwa wa namna nyingine. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960 na kumleta duniani mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Shirika hilohilo, lililoundwa na serikali za kikoloni mwaka 1948, ndilo lililotoa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla mwaka 1965 na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba mwaka 1974, riwaya iliyomtambulisha Willy Gamba. Kwa hiyo waandishi hawa watatu walilelewa na taasisi moja ya umma yenye wahariri, bajeti na mitambo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi hiyo ilivunjika pamoja nayo. Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilibaki na mzigo mkubwa wa vitabu vya shule na vya siasa katika miaka ambayo fedha za kigeni za kununulia karatasi zilikuwa adimu. Mswada wenye bastola na maiti ulisubiri foleni ambayo haikuwa na mwisho.

Waandishi wakajichapishia wenyewe. Mfano ulikuwapo Nairobi, ambako David Maillu alianzisha Comb Books mwaka 1972 na kuuza kwa wingi vitabu vyembamba vya mapenzi na ulevi wa mjini, hadi serikali ya Tanzania ikavipiga marufuku nchini mwaka 1976. Dar es Salaam ya miaka ya 1980 ilizaa majina mengi ya uchapishaji ambayo nyuma yake alikuwapo mwandishi mmoja, rafiki mmoja mwenye mtaji kidogo na kiwanda cha uchapaji kinachokubali kulipwa kwa awamu. Heko ilikuwa ya kizazi hicho. Mengi ya majina hayo yalitoa vitabu vichache yakanyamaza. Heko iliendelea, na hilo ndilo linalofaa kuelezwa.

Hesabu ya shirika dogo la aina hii ni ngumu, nayo huamua mengi yanayoonekana kuwa ya kisanaa. Gharama kubwa hulipwa kabla kitabu hakijauzwa hata nakala moja: kupanga maandishi, mchoraji wa jalada, karatasi, wino, mashine, gundi. Nakala zikishatoka, muuzaji huchukua sehemu yake ya bei, mara nyingi theluthi au zaidi, na mwandishi hupewa mrabaha ambao kwa kawaida huzunguka asilimia 10. Kinachobaki ndicho kinachomlipa mchapishaji, na ndicho kinachotakiwa kuchapisha kitabu kinachofuata. Mwandishi akiwa ndiye mchapishaji, mrabaha na faida hukutana katika mfuko mmoja, na pumzi inaongezeka kidogo. Lakini hasara nazo hukutana humohumo.

Hata wembamba wa vitabu hivi una sababu ya kiwandani. Shiti kubwa la karatasi likichapwa pande zote mbili na kukunjwa hutoa kurasa 16 au 32, kwa hiyo kitabu hukua kwa mafungu, si kwa ukurasa mmoja mmoja. Fungu moja likizidi, bei inapanda kwa kila nakala. Ndiyo maana riwaya nyingi za upelelezi za wakati ule zilikuwa nyepesi kiasi cha kuingia mfuko wa koti, zikichapwa kwa herufi ndogo, sura zikifuatana bila ukurasa mtupu kati yake. Msomaji alidhani ni haraka ya hadithi. Ilikuwa pia bei ya karatasi.

Karatasi yenyewe ilipata ahueni kutoka Nyanda za Juu Kusini. Kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilianza kazi mwaka 1985 kikitumia miti ya misitu ya Sao Hill. Malighafi ilishuka Dar es Salaam, ambako wachapaji wengi walikuwa, kisha ikapanda tena kama kitabu kwa barabara ileile, ikipita Mafinga na Makambako kuelekea Mbeya. Ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya mjini, na kutoka hapo kitabu hugeuka kusini pale Uyole, kikapita Kiwira na kufika Tukuyu baada ya kilomita nyingine zipatazo 70. Mbele yake kuna Kyela na mpaka wa Kasumulu.

Mwisho huu wa barabara ndipo mashirika madogo huchoka. Shirika kubwa la vitabu vya shule lina mawakala, na lina uhakika kwamba Januari ikifika wazazi watanunua. Shirika la riwaya halina msimu. Maduka ya miji ya wilaya huishi kwa daftari, kalamu na vitabu vya kiada, na mwenye duka hawezi kufunga mtaji wake katika riwaya ishirini ambazo hajui zitaondoka lini. Huchukua tano kwa mali kauli, yaani atalipa zikishauzwa. Kwa mchapishaji aliye Dar es Salaam, kufuatilia fedha za nakala tano za Tukuyu hugharimu kuliko nakala zenyewe. Basi kazi hii ikaangukia mikono mingine: wauza magazeti, wachuuzi wa stendi, utingo wa mabasi, na abiria aliyenunua kitabu Dar es Salaam ili kimsindikize njiani na akashuka nacho nyumbani.

Tukuyu ina adui mwingine wa kitabu, naye ni maji. Mji huu ulio chini ya Mlima Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu wake huingia mpaka kabatini. Unyevu huo ndio unaostawisha chai, migomba na parachichi. Kwa kitabu cha jalada laini kilichobandikwa kwa gundi ya bei nafuu ni balaa: mgongo unaachia, kurasa za katikati zinatoka, ukungu mweusi unashika pembeni. Riwaya ya upelelezi iliyokosa kurasa nane za mwisho ni mateso ambayo wasomaji wengi wa zamani wanayajua vizuri. Aliyewahi kukisoma kikiwa kizima ndiye aliyewasimulia wengine muuaji alikuwa nani.

Wasomaji wenyewe walikuwapo, tena wengi. Wamisionari wa Kimoravian walifungua kituo chao Rungwe mwaka 1891, na shule za makanisa ziliifanya wilaya hii izoee kitabu mapema, ingawa kitabu hicho kilikuwa cha dini. Baada ya uhuru ikaja elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 watu wazima wapatao asilimia 67 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 takwimu rasmi ziliwataja kuwa chini ya asilimia 10. Taifa lilikuwa limejifunza kusoma, lakini lilichopewa kusoma kilikuwa zaidi vijitabu vya kilimo bora, afya na siasa. Ni vitabu vyenye manufaa, na hakuna sababu ya kuvibeza. Hata hivyo mtu hukomaa katika kusoma pale anapochagua kitabu mwenyewe na kukilipia kwa fedha yake, na kwa maelfu ya Watanzania kitabu hicho cha kwanza kilikuwa cha Joram Kiango au Willy Gamba. Wataalamu wa fasihi waliziita riwaya za namna hii riwaya pendwa na kuziweka kando ya riwaya dhati. Mgawanyo huo umesaidia kufundishia, lakini umewanyima heshima waandishi waliowafanya watu wapende kusoma.

Hapo ndipo Watoto wa Mama N'tilie inapoingia. Mbogo hakuandika riwaya ya upelelezi. Aliandika juu ya watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa ada, wakaishia majalalani na kuvutwa katika dawa za kulevya. Lakini Dar es Salaam ile ya vichochoro na magenge ndiyo Mtobwa aliyoijua na kuichapisha kwa miaka. Kitabu kilipoingia shuleni, Heko ilipata kile ambacho Joram hakuweza kuipa: mnunuzi wa uhakika kila mwaka, katika kila wilaya, Rungwe ikiwemo, kwa njia za mawakala wa vitabu vya shule. Mashirika mengine madogo yaliokolewa hivyohivyo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 ulinunua sehemu ya nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzigawa mashuleni, nao wengi wakahamia kwenye vitabu vya watoto. Riwaya ya upelelezi haikupata mdhamini wa aina hiyo hata mara moja.

Katika nchi tajiri mashirika madogo ya riwaya za uhalifu hustawi kwa sababu kazi ya usambazaji hufanywa na wengine. Bitter Lemon Press ya London, iliyoanza mwaka 2003, na Hard Case Crime ya Marekani, iliyoanza mwaka 2004, ni timu ndogo sana. Maghala, malori na hesabu za maduka vimo mikononi mwa kampuni za usambazaji zinazohudumia wachapishaji wengi kwa pamoja. Tanzania haijawa na mfumo imara wa namna hiyo kwa riwaya, na kila mchapishaji hubeba boksi lake.

Mtobwa alifariki Novemba 2008. Elvis Musiba alimfuata mwaka 2010. Shirika linalomtegemea mwanzilishi wake kwa kuandika, kuhariri, kutafuta fedha na kujuana na wachapaji hutikiswa sana na kifo cha namna hiyo, na warithi hujikuta na mali wasiyoizoea. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, haki za kazi ya fasihi huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo vitabu vya Mtobwa ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa mwaka 2058. Hata hivyo nakala zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa huzunguka kwenye simu bila wao kupata shilingi. Wengi wanaozipokea huko hawajui kabisa kwamba kuna mwenye haki anayeweza kulipwa.

Simu hiyohiyo imewapa waandishi wa sasa njia ambayo Mtobwa hakuwa nayo. Waandishi wa riwaya za kusisimua, akiwemo Hussein Tuwa, mtunzi wa Mkimbizi, wamejikusanya katika Umoja wa Waandishi wa Riwaya wenye Dira, UWARIDI, na wengi wa kizazi hiki huchapisha kwa fedha zao na kuuza wenyewe. Sura za mwanzo hurushwa katika makundi ya WhatsApp, hadithi inakatwa mahali pabaya, na anayetaka kujua kilichofuata hutuma fedha kwa simu. Vitabu vya karatasi vikitoka, hufungwa kwenye bahasha yenye jina na namba ya mnunuzi na kukabidhiwa basi. Mtu wa Tukuyu aliyelipa jana hupigiwa simu na ofisi ya basi, anashuka stendi, anaonyesha kitambulisho na kuondoka na kitabu chake, kikiwa kimezungushiwa nailoni kwa sababu ya mvua.