Kibubu: Siri Yake Si Kufuli

Kibubu ni chombo kinachojulikana katika nyumba nyingi za Tanzania. Aghalabu huwa kisanduku cha mbao au kopo la bati lililozibwa pande zote, lenye mwanya mwembamba juu, ambao noti na sarafu hupenya kuingia wala hazipenyi kutoka. Jina lake lamkumbusha mtu bubu, na kwa hakika chombo hiki hupokea bila kusema kimepokea kiasi gani.

Wengi hudhani kwamba faida ya kibubu yatokana na ugumu wa kukifungua: kadiri kinavyozibwa sawasawa, ndivyo akiba inavyokua. Dhana hiyo yaonekana kuwa na akili, lakini katika sayansi dhana haina budi kupimwa, na hii imekwisha kupimwa, tena karibu na kwetu. Wachumi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya jaribio magharibi mwa Kenya miongoni mwa wanachama wa vikundi 113 vya kuchangiana fedha kwa zamu, ambavyo sisi twaviita upatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Vikundi viligawanywa katika mafungu kwa bahati nasibu, ili tofauti yoyote itakayoonekana isitokane na tabia za wanachama. Fungu moja lilihimizwa tu kuweka akiba kwa ajili ya afya. Hilo lilikuwa la kulinganishia. Fungu la pili lilipewa visanduku vya chuma vyenye mwanya na kufuli, na kila mtu akakaa na ufunguo wake. Alipewa pia kijitabu cha kuandikia anaweka fedha kwa ajili ya kitu gani. Fungu la tatu lilipewa visanduku kama hivyo, ila ufunguo ulibaki kwa ofisa wa mradi mpaka kiasi kilichokusudiwa kitimie. (Yalikuwapo mafungu mengine, ambayo hayahusiani na mada yetu.)

Msomaji na akisie: ni fungu gani lililonunua zaidi vyandarua, dawa ya kusafishia maji na vitu vingine vya kukinga maradhi? Ni lile lililokaa na funguo. Katika muda wa mwaka mmoja matumizi yake kwa vitu hivyo yalizidi ya fungu la kulinganishia kwa yapata theluthi mbili. Wale walionyimwa ufunguo, kwa wastani, hawakuonyesha ongezeko.

Yatupasa tuulize sababu. Fedha iliyo mfukoni haina jina. Ndugu akija kuomba, au harufu ya chipsi ikimfikia mtu njiani, hana hoja ya kujizuia. Fedha iliyo katika kibubu imekwisha kupewa kazi, na mwenyewe aweza kusema kwa kweli, "Hizo ni za chandarua." Ingawa shilingi ni shilingi, akili ya binadamu huzitenga katika mafungu na kuona uzito kulihamisha fungu moja kwenda jingine. Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, aliichunguza sana tabia hii.

Kufuli lisilofunguka lina gharama yake. Mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, fedha iliyofungiwa hadi lengo litimie haimsaidii. Mtu mwenye kipato kidogo hulijua jambo hili, hivyo husita kutumbukiza mengi asikoweza kuyafikia. Kwa maoni yangu huo si udhaifu wa nia, ni hesabu sahihi.

Hata hivyo, kibubu hakizai. Tuseme mwanafunzi anatumbukiza shilingi 200 kila siku. Baada ya siku 365 atakuwa na shilingi 73,000. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2024 mfumuko wa bei nchini Tanzania ulikuwa kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka. Tukichukua 4, na kukumbuka kwamba kila shilingi imekaa humo kwa wastani wa nusu mwaka tu, thamani iliyopotea ni yapata shilingi 1,400. Katika miaka ya 1980 mfumuko ulizidi asilimia 25 kila mwaka. Kwa asilimia 30, hasara ingefika karibu shilingi 8,800. Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hili, kisha wairefushe hesabu hadi miaka mitano: hapo wataona wenyewe ni lini akiba yafaa ihamishiwe benki.

Jambo jingine ni noti zenyewe. Kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, Benki Kuu ya Tanzania ilibadilisha noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Baada ya hapo noti hizo zilikoma kuwa fedha halali kwa malipo, na kibubu kilichozihifadhi hakikuwa na njia ya kumwambia mwenyewe.