Wiki ya mvua hujulikanaje kabla haijafika?

Masika inapokolea, taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husomwa redioni karibu kwa maneno yale yale: vipindi vya mvua kubwa vinatarajiwa katika baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam, Pwani, Tanga na visiwa vya Unguja na Pemba. Kesho yake mkazi wa Mbagala anaamkia jua kali, anasema wametudanganya tena. Saa hiyo hiyo watu wa Ubungo wamekunja suruali hadi magotini. Hakuna aliyedanganywa. Wingu la ngurumo linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, na mtaa litakaoumwagia hujulikana saa chache kabla, si siku nne.

La ajabu ni kwamba wiki ya mvua huonekana mapema kuliko saa ya mvua. Sababu mojawapo iligunduliwa mwaka 1971. Roland Madden na Paul Julian, wanasayansi wa Colorado, Marekani, walipekua kumbukumbu za upepo na mgandamizo wa hewa kutoka Canton, kisiwa kidogo cha Bahari ya Pasifiki, wakakuta namba zinapanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 40 hadi 50. Kumbe kuna mfumo mpana wa mawingu na upepo unaojijenga juu ya Bahari ya Hindi, kisha unasafiri kuelekea mashariki kwa mwendo wa baiskeli, mita 5 hivi kwa sekunde. Kitu kikubwa na cha polepole kiasi hicho hakimpotei mtabiri.

Mfumo huo ukiwa juu ya bahari yetu, nyanda za juu za Kenya na Tanzania mara nyingi hulowa. Pwani ina ratiba yake. Watafiti Benjamin Pohl na Pierre Camberlin walilionyesha hilo mwaka 2006. Masika ya 2018, iliyoleta mafuriko makubwa Kenya, ilichochewa na mfumo huo pamoja na vimbunga vilivyopita mashariki mwa Madagaska.

Na zile asilimia za mvua za kwenye simu? Mwaka 1963 mwanasayansi Edward Lorenz alionyesha kuwa kosa dogo mno katika vipimo vya leo hukua siku baada ya siku. Ndiyo maana kompyuta za kituo cha utabiri cha Ulaya hurudia hesabu mara 50 na zaidi, kila mara vipimo vya mwanzo vikibadilishwa kidogo. Hesabu 35 kati ya 50 zikitoa mvua, hiyo ni asilimia 70. Haimaanishi kwamba itanyesha asilimia 70 ya siku. Mwenye dagaa wa kuanika au zege la kumwaga afadhali aisome kama hesabu 35 kati ya 50.

Kwetu mvua huitwa kubwa ikizidi milimita 50 kwa saa 24. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paa la mita 40 za mraba hupokea lita 2,000, yaani matangi mawili ya lita elfu moja. Anayekaa Jangwani, Dar es Salaam, naye asitazame wingu la kwake peke yake. Mto Msimbazi unaopita hapo unaanzia vilima vya Pugu, na maji ya huko humfikia hata pale kwake pasipodondoka tone.