Soko huria: Mlango ukifunguliwa, kiwanda hubuni au hufunga?

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita kijana mmoja anayeuza mashati ya mitumba pale Manzese aliitambua sauti yangu. "Shikamoo mzee," akasema. "Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilifungwa, na mimi nauza mashati waliyoyachoka Wazungu. Hili soko huria limetuokoa au limetuua?"

Sikuwa na jibu la kumpa tukiwa tumesimama njiani. Leo nitajaribu.

Tuanze na jambo tunalopenda kulisahau. Kabla mlango haujafunguliwa, hali haikuwa nzuri. Tulikuwa na Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, tukawa na Mwatex kule Mwanza na Mutex kule Musoma. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni ziliadimika, vipuri havikupatikana na mitambo mingi ikasimama. Kitenge kilipatikana kwa foleni au kwa kujuana. Sasa, kiwanda ambacho kila kitakachotoka mlangoni kitagombewa, kiumize kichwa kutafuta rangi mpya kwa ajili gani? Ubunifu ulilala usingizi.

Bajeti ya mwaka 1984, Mwalimu Nyerere akiwa bado Rais, iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Mwaka 1986, chini ya Mzee Mwinyi, tukatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mlango ukazidi kufunguliwa. Maduka yakajaa. Viwanda je?

Hebu fikiria mbio za uwanjani. Mkimbiaji aliye nyuma kwa hatua mbili, akimwona mwenzake mbele, huongeza mwendo. Aliyeachwa duru nzima hukaa chini. Wachumi waliochunguza viwanda vya nchi mbalimbali wameona jambo hilohilo: ushindani kutoka nje huwaamsha walio karibu na walio mbele, na huwavunja moyo walioachwa mbali.

Viwanda vyetu vingi vilikuwa vimeachwa duru nzima. Mitambo ilikuwa imechakaa, umeme ulikatika, na katika miaka ya 1990 riba ya mikopo benki ilizidi asilimia 20. Tena mshindani wao mkubwa alikuwa mtumba. Gharama ya kulishona shati la mtumba alishailipa mnunuzi wa kwanza huko Ulaya au Marekani. Ni kiwanda gani kitashindana na bei hiyo?

Meneja anapobanwa, hapunguzi kwanza pamba wala mshahara wa mlinzi. Hupunguza wachoraji wa nakshi, majaribio ya rangi na mafunzo ya mafundi. Mwezi huo hakuna anayeona tofauti. Baada ya miaka mitatu, kiwanda bado kinauza kitambaa kilekile, na wateja wamekwishahama.

Lakini mlango huohuo huingiza pia ujuzi. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilipata kutoka kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani teknolojia ya kutengeneza vyandarua ambavyo dawa ya mbu imo ndani ya nyuzi zenyewe. Teknolojia ilitoka nje, na wanunuzi wakubwa, yaani mashirika ya kimataifa, walitoka nje pia. Kiwanda kilikuwa tayari kuipokea, kikajifunza.

Je, tufunge mlango tena? Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kutuondolea nafuu ya soko lake chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Kufunga nako kuna bei yake.

Kwa hiyo, swali la kuwauliza wakubwa wetu ni hili: tunafungua kwa mpangilio gani? Mwaka 2022 Jumuiya iliweka viwango vinne vya ushuru wa forodha, cha juu kikiwa asilimia 35. Ni jambo jema, lakini kila mwaka nchi moja moja huomba kutofuata kiwango fulani. Mwenye kiwanda asiyejua ushuru wa mwakani utakuwaje hataagiza mtambo wa kumlipa baada ya miaka mitano. Ataagiza bidhaa iliyokwisha tengenezwa na kuiuza.

Kijana wangu wa Manzese, jibu langu ndilo hili. Kiwanda cha baba yako hakikuuawa na mlango kufunguliwa peke yake. Kilikutwa kitandani, tayari mgonjwa, nasi tukaufungua mlango bila kumpa mgonjwa dawa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.