Majengo ya Mji wa Mgodi wa Mwadui na Ukomo wa Sheria ya Mambo ya Kale

Hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, Bariadi ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga pamoja na Mwadui, mji uliozaliwa na mgodi. John Williamson aligundua almasi hapo mwaka 1940. Nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule na uwanja wa ndege vikafuata. Je, majengo hayo ni urithi? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863. Mengine husubiri tamko la Waziri. Kigezo hicho, kwa maoni yetu, kimepitwa na wakati: kinauacha nje mji mzima wa Mwadui, pamoja na viwanda vya kuchambulia pamba vya Bariadi, kwani kilimo cha pamba ya biashara kilienea Usukumani wakati wa ukoloni.