Peptidi mbili kwenye sindano moja: je, kweli zinasaidiana?

Wiki iliyopita jamaa ninayefanya naye mazoezi alinionyesha kwenye simu kichupa cha unga mweupe kinachouzwa mtandaoni. Kano yake ya kisigino inamsumbua tangu mwaka jana, mbio zimemshinda. Muuzaji anadai ndani mna peptidi mbili, BPC-157 na TB-500, na kwamba ukijidunga zote pamoja unapona haraka kuliko ukitumia moja. Akaniuliza, "Wewe si unasoma hayo mambo? Ni kweli?" Jibu langu lilikuwa refu kidogo. Ndilo hili.

Tuanze na peptidi yenyewe. Unajua protini ni mnyororo wa asidi amino. Peptidi ni mnyororo huohuo, ila mfupi. BPC-157 ina asidi amino 15 tu, na hutengenezwa maabara. Tafiti nyingi juu yake zimetoka kwa kundi moja la watafiti huko Zagreb, Croatia. TB-500 inachanganya zaidi. Jina hilo linahusishwa na thaimosini beta-4, peptidi ya asidi amino 43 ambayo mwili wako unaitengeneza. Muuzaji mmoja akisema TB-500 anamaanisha hiyo nzima, mwingine anamaanisha kipande chake cha asidi amino 7. Yaani hata kabla ya kuchanganya, hujui unachanganya nini!

Wazo lenyewe si la kijinga. Kano ina mishipa michache ya damu, ndiyo maana inapona polepole. Ili ipone, seli lazima zisafiri hadi penye jeraha na mishipa mipya ya damu iote. Thaimosini beta-4 hushikana na aktini, protini ambayo seli huitumia kujenga kiunzi chake na kusogea. BPC-157 nayo, kwa panya waliokatwa kano ya kisigino, imeripotiwa kuharakisha uponaji, na inaonekana kuchochea mishipa ya damu. Kwa hiyo mtu anajisemea: moja inafungua barabara, nyingine inaleta mafundi. Hesabu si imekamilika?

Hapana, bado. Thaimosini beta-4 pia imeripotiwa kuchochea mishipa ya damu. Huenda zote mbili zinafungua barabara ileile, na ya pili haiongezi chochote.

Namna ya kujua ni moja: unahitaji makundi manne. La kwanza linapewa sindano isiyo na dawa, la pili peptidi ya kwanza, la tatu peptidi ya pili, la nne zote mbili. Chukua mfano wa kubuni. Bila dawa kano inapona kwa siku 60, kwa ya kwanza siku 50, kwa ya pili siku 52. Mchanganyiko ukileta siku 42, kila moja imefanya kazi yake tu, faida zimejumlishwa. Ukileta 35, hapo ndipo tunasema zinasaidiana. Ukileta 50, ya pili ulilipia bure. Ukikosa kundi hata moja kati ya hayo, huwezi kutofautisha majibu haya matatu.

Kwa binadamu tuna nini? Ripoti moja ya mwaka 2021 ilihusu wagonjwa 16 wa maumivu ya goti waliochomwa sindano kwenye goti lenyewe. Kati yao 12 walipewa BPC-157 peke yake, na 11 walisema wamepata nafuu. Wanne walipewa BPC-157 pamoja na thaimosini beta-4. Watatu wakapata nafuu. Ukitaka kuwa mkorofi utasema mchanganyiko ulishindwa! Lakini hata hilo huwezi kulisema: kwa watu wanne, mtu mmoja tu ni asilimia 25. Na hapakuwa na kundi lisilopewa dawa, wakati maumivu ya goti yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe.

Halafu kuna upande ambao muuzaji hautaji. Uvimbe wa saratani nao unahitaji mishipa mipya ya damu ili ukue. Sisemi peptidi hizi zinaleta saratani. Nasema swali hilo linahitaji watu wengi kufuatiliwa kwa miaka mingi. Na kama wewe ni mwanariadha unayepimwa, jua kwamba zote mbili zimo kwenye orodha ya marufuku ya WADA. BPC-157 ilitajwa humo kwa jina mwaka 2022.

Jamaa akaniuliza, "Sasa nifanye nini?" Nilimwambia aanze kwa kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake huko Sweden walichukua wakimbiaji 15 wenye kano sugu ya kisigino. Kwa wiki 12 wakasimama kwenye ukingo wa ngazi na kushusha kisigino taratibu, seti 3 za mara 15, mara mbili kwa siku. Wote walirudi kukimbia. Nao ni wachache, ndiyo, lakini mazoezi ya namna hiyo yamejaribiwa tena na wengine wengi tangu hapo.

Ameanza juzi. Anasema yanauma na yanachosha, na ile picha ya kichupa bado hajaifuta kwenye simu.