Mtoto mdogo akiumia kichwa: vigezo sita vinavyomwongoza daktari

Watoto wengi wadogo wanaoanguka na kuumia kichwa kidogo hupona bila upasuaji. Wachache, hata hivyo, huvuja damu ndani ya fuvu, na kuchelewa kuwatambua kunaweza kugharimu maisha. Wajibu wa daktari ni kuwabaini wachache hao bila kuwapitisha watoto wote kwenye mionzi.

Kitabibu, jeraha la kichwa huitwa dogo iwapo mtoto anapata alama 14 au 15 kati ya 15 katika kipimo cha fahamu cha Glasgow. Mtoto huyo huweza kuonekana mzima huku mshipa uliopasuka ukiendelea kuvuja taratibu. Damu ikikusanyika ndani ya fuvu huubana ubongo, na hapo hulazimu kufungua fuvu ili kuiondoa.

Kipimo cha CT scan huonesha damu hiyo mapema, lakini mionzi yake huongeza kwa kiasi kidogo uwezekano wa saratani baadaye maishani, hasa kwa watoto. Mtoto mdogo pia anaweza kuhitaji dawa ya usingizi ili atulie wakati wa kupimwa.

Ili kupata mwongozo wa uhakika, watafiti wa mtandao wa PECARN walifuatilia watoto 42,412 waliofikishwa katika idara 25 za dharura za Amerika Kaskazini, na matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2009. Watoto 376 walikuwa na jeraha zito la ubongo. Waliofanyiwa upasuaji wa ubongo walikuwa 60, sawa na takriban mtoto 1 kati ya 700.

Kutokana na utafiti huo, mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa kwa vigezo sita. Daktari huangalia kama mtoto yuko macho na anaitikia kama kawaida. Kama fuvu halina ufa unaohisiwa kwa vidole. Kama hana uvimbe kichwani, isipokuwa kwenye paji la uso. Na kama hakupoteza fahamu kwa sekunde 5 au zaidi. Huuliza pia kama ajali haikuwa kubwa, mfano kuanguka kutoka kimo kinachozidi mita 0.9 au kugongwa na gari. Kigezo cha sita hujibiwa na mzazi: je, mtoto anaonesha tabia zake za kawaida?

Majibu yote yakiwa mazuri, uwezekano wa jeraha zito ni chini ya asilimia 0.02, na CT scan haihitajiki. Fahamu zikiwa zimebadilika au ufa ukihisiwa, uwezekano hufikia asilimia 4.4, na kipimo hupendekezwa. Dalili nyingine zinapojitokeza, uwezekano ni asilimia 0.9, daktari anaweza kumweka mtoto chini ya uangalizi kwa saa kadhaa au kuagiza kipimo, hasa dalili zikiwa zaidi ya moja au zikiongezeka. Kuanzia miaka 2, vigezo hubadilika na kujumuisha kutapika na maumivu makali ya kichwa.

Vigezo hivi havitaji mtoto atakayefanyiwa upasuaji. Vinamwonesha daktari ni yupi anayeweza kurejea nyumbani kwa usalama, na uamuzi wa mwisho hubaki kwake baada ya kumchunguza mtoto.

Kwa sababu hiyo, maelezo ya mzazi au mlezi yana uzito mkubwa. Anapaswa kueleza bila kuficha mtoto alianguka kutoka wapi, saa ngapi, kama alilia papo hapo na amebadilika vipi tangu hapo. Hata baada ya kuruhusiwa, mtoto arudishwe hospitalini mara moja akitapika mfululizo, akiwa mgumu kuamshwa, akipata degedege, akilia bila kutulizika, akilegea upande mmoja wa mwili au akitokwa na majimaji au damu puani au masikioni.