Kihisi kifundoni: jinsi mwendo wa mgonjwa unavyopimwa nje ya hospitali

Kihisi cha mwendo kinachotumiwa na matabibu ni kifaa kisichozidi ukubwa wa saa ya mkononi, hufungwa kwa mkanda kifundoni mwa mguu, kiunoni au mkononi. Ndani yake mna vipande vya silikoni: kimoja hupima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, na kingine, jairoskopu, hupima mzunguko. Vihisi vingine huongezewa kipande cha tatu kinachosoma usumaku wa dunia.

Katika kipima mchapuko mmechongwa kibonge cha silikoni kinachoshikiliwa na springi nyembamba mno. Mwili ukisogea ghafla, kibonge hubaki nyuma kidogo, kama abiria aliyesimama ndani ya daladala linapoondoka kwa kishindo. Nafasi kati yake na vibamba vya pembeni hubadilika, na pamoja nayo kiasi cha chaji ambacho vibamba vinaweza kuhifadhi. Saketi hugeuza badiliko hilo kuwa namba, mara nyingi kwa kila sekunde. Katika miaka ya 1990 vipande hivi vilienea kwenye magari, vikitumika kufyatua mifuko ya hewa wakati wa ajali. Leo vimo ndani ya kila simu janja, na bei yake imeshuka kiasi cha kuwafaa hata watafiti wasio na fedha nyingi.

Hata hivyo, kihisi hakijui hatua ni nini. Kikilazwa mezani bila kuguswa, bado husoma mita 9.8 kwa sekunde mraba, kwa sababu ya mvutano wa dunia. Ili kupata umbali, kompyuta hujumlisha mchapuko kupata kasi, kisha hujumlisha kasi. Kosa dogo la mwanzo hukua katika kila hesabu, na baada ya dakika chache mgonjwa aliyeketi sebuleni anaweza kuonekana yuko barabarani. Ufumbuzi wake ni wa kijanja: katika kila hatua upo muda mfupi ambapo unyayo umetua chini na kasi yake ni sifuri. Programu huutafuta muda huo, hufuta kosa lililokwisha kujikusanya, kisha huanza upya. Ndiyo sababu kihisi cha mguuni hukadiria urefu wa hatua vizuri kuliko cha mkononi; mkono hauna mahali pa kutua.

Faida yake huonekana wazi katika ugonjwa wa Parkinson. Tetemeko la mkono uliopumzika huja mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na daktari hulipa alama kuanzia 0 hadi 4 kwa kulitazama tu. Lakini nguvu ya levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huo, hupanda na kushuka siku nzima, na mgonjwa huenda akafika kliniki katika saa yake nzuri. Wapo ambao miguu yao hugoma ghafla wakipita mlangoni nyumbani, lakini mbele ya daktari hutembea bila shida. Kihisi kilichovaliwa siku kadhaa huonyesha saa ambazo dawa huisha nguvu. Hata kugoma kwa miguu kuna alama yake: hatua hukatika, ilhali miguu huendelea kutetemeka mara 3 hadi 8 kwa sekunde.

Kwa watoto wenye ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli na kuwapata zaidi wavulana, kipimo cha kawaida ni kutembea kwa dakika 6 kwenye korido. Matokeo hutegemea sana hamu ya mtoto siku hiyo. Badala yake, kihisi cha kifundoni hurekodi maelfu ya hatua za maisha ya kila siku, kisha huchukuliwa kasi ambayo ni asilimia 5 tu ya hatua zinazoipita. Mwaka 2019 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulikikubali kipimo hicho katika majaribio ya dawa kama kigezo cha ziada, na mwaka 2023 kama kigezo kikuu.

Udhaifu haukosekani. Kupiga mswaki kunaweza kuhesabiwa kuwa tetemeko. Programu iliyofundishwa kwa watu wazima wenye afya hupoteza hatua za mzee anayeburuta miguu au anayetegemea mkongojo, naye ndiye hasa anayehitaji kupimwa. Kwa hiyo programu hupaswa kujaribiwa kwa wagonjwa wenyewe, hatua zake zikilinganishwa na zile zilizohesabiwa kwenye video. Kifaa kikifungwa kichwa chini, namba nazo hugeuka. Ndiyo maana katika vipimo vingi mgonjwa huambiwa kwanza asimame wima bila kutikisika kwa sekunde chache, ili mvutano wa dunia uonyeshe upande wa chini ni upi.